Njia ya Nyuma ya Bonde la Sawtell

Leona Tveit alikuwa amechora kila barabara ya kaunti yetu isipokuwa moja, na hiyo moja hakuisahau. Aliiacha makusudi. Nilikuja kulijua hilo siku ya moto, saa nne na robo asubuhi, baada ya kukaa naye chumba kimoja cha kazi miaka kumi na tisa.

Ofisi yetu ya ramani iko ghorofa ya pili ya jengo la kaunti, mashariki mwa jimbo la Washington, upande ule wa milima usiopata mvua. Tulikuwa wawili tu. Leona alichora mipaka ya mashamba, namba za nyumba, barabara na mifereji. Mimi, Rudy Kastner, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha alichochora kinaonekana kwenye simu na kompyuta za watu. Seva yetu ilikaa chini kabisa ya jengo, jirani na mtambo wa kupasha joto, na siku za kawaida ilitosha, maana siku za kawaida ramani yetu ilifunguliwa na madalali wa nyumba na wawindaji wanaotafuta mpaka wa msitu. Lakini mwaka uliotangulia, moto ulipozuka ng'ambo ya mto, watu elfu tatu waliifungua kwa mpigo, ikazimika. Siku mbili nzima simu zetu zililia, kila mtu akiuliza swali lile lile: "Nyumba yangu imo au haimo?"

Jumanne ile ya Agosti, Gordon Pruett, msimamizi wa dharura wa kaunti, alipanda ngazi mbilimbili mpaka mlangoni kwetu. Ni mtu mnene na si kawaida yake kukimbia.

"Moto uko mlima Corrigan," alisema huku akihema. "Upepo unageuka mchana. Saa saba kamili naingia redioni. Nataka niwape watu anwani moja tu ya mtandao. Mtu aandike namba ya nyumba yake, aambiwe yuko ngazi gani ya hatari na apite njia gani. Na isizimike."

"Saa saba ya leo?" nikauliza.

"Hapana, ya Krismasi. Ya leo, Rudy!"

"Gordon, tangu Aprili nakuomba tuihamishie kwenye wingu. Kila nikisema unaniambia tutaongea."

"Basi si ndiyo tunaongea?"

Wingu lenyewe si muujiza. Ni seva za watu wengine, maelfu, ziko mbali huko, unazikodi, na kazi ikizidi zinaongezwa zenyewe. Muujiza ni kuhamisha ramani ya kaunti nzima kwenda huko katika saa tatu na nusu, wakati kwa kawaida ungejipa mwezi, na ukajaribu, na ukakosea, na ukajaribu tena. Nilivua saa yangu ya mkononi nikaiweka mbele ya kibodi. Leona alifunga dirisha kwa sababu harufu ya moshi ilikuwa imeshaanza kuingia.

Aligawa kaunti vipande kwa rangi. Ngazi ya kwanza, jiandae. Ya pili, kaa tayari. Ya tatu, ondoka sasa hivi. Gordon alisimama nyuma yake akimwonyesha kwa kalamu mahali ambapo zimamoto walisema moto ungefika. Kalamu ilipogusa Bonde la Sawtell, alitoa mluzi.

"Hawa ndio wananitia tumbo joto. Nyumba mia moja na sitini, barabara moja. Moto ukishuka kwenye mdomo wa bonde, wamekwisha. Hakuna njia nyingine."

"Ipo," Leona akasema.

Gordon akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Iko wapi? Mimi siioni."

"Huioni kwa sababu sikuichora."

Mimi niliacha kuandika. Leona alikuwa na miaka hamsini na mbili, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye angeweza kukupigia simu nyumbani Jumapili kukwambia kwamba namba ya nyumba fulani imekaa upande usiokuwa wake wa barabara. Kusikia ameacha njia nzima nje ya ramani ilikuwa kama kusikia mchungaji wetu haamini.

"Inaanzia nyuma ya ghala la kupakia matufaha," alisema taratibu, "inakata katikati ya shamba, inavuka mfereji kwa daraja la mbao, halafu inapanda mpaka geti la juu na kutokea barabara kuu. Maili mbili kasoro. Ni njia ya shamba. Ya shamba letu." Akajirekebisha. "La dada yangu."

Kuhusu dada yake nilijua kidogo, vile unavyojua mambo ya mtu mnayekula naye sandwichi kila mchana. Walizaliwa wawili pale Sawtell, yeye na Ardith. Leona aliondoka kwenda kusoma, Ardith akabaki na shamba na mama yao. Mama alipozeeka akawa anaanguka, Leona alikuja siku moja Ardith akiwa mjini, akampakia mama kwenye gari na kumpeleka nyumba ya wazee, akiamini anamwokoa. Mama alikufa huko baada ya wiki tano, kwenye kitanda kisicho chake, akiulizia kama miti imemwagiliwa. Kwenye mazishi Ardith alisimama upande wa pili wa kaburi, na tangu siku ile, miaka kumi na moja, hawakusemezana. Leona hakukanyaga tena bonde. Kila alipolifungua kwenye kompyuta kurekebisha jambo, nilimwona anafanya haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyofukuzwa.

"Siwezi kuwapitisha watu njia ya zamani hivyo," Gordon alisema. "Daraja la mbao? Labda limeshaoza. Na hilo geti nani analifungua? Nahitaji mtu aniambie kwa macho yake."

"Mtu yupo," Leona akasema. Aliivuta simu ya mezani. Namba hakuitafuta popote.

Aliweka sauti nje, kwa sababu Gordon alitaka kusikia mwenyewe. Ililia mara sita.

"Haloo."

"Ardith. Ni mimi."

Kwa nyuma ilisikika redio na mbwa mmoja.

"Najua ni wewe. Unataka nini?"

"Moto unakuja bondeni."

"Nina macho, Leona. Nimeshauona. Unapiga ili unihamishe na mimi?"

Gordon alitazama viatu vyake. Leona alifumba macho, akayafumbua.

"Ndiyo," akasema. "Lakini kwanza niambie daraja la mfereji likoje."

"Daraja? Nililitia mbao mpya mwaka juzi. Trekta linapita na mzigo."

"Trela ya farasi?"

"Farasi wangapi?"

"Wanne."

"Itapita, mradi dereva asijifanye yuko kwenye mashindano. Na abane kulia, kushoto kuna tope."

"Geti la juu?"

"Lina kufuli."

"Likate."

"Nilikate kwa nini wakati ufunguo ninao mfukoni? Wewe hubadiliki, eh? Kila kitu ni kukata."

Leona karibu acheke, nilimwona midomo. Kisha akasema, "Ardith, nataka kupitisha bonde zima hapo. Nyumba mia moja na sitini."

Redio ile ya nyuma ikazimwa.

"Watanikanyagia matunda yote."

"Ndiyo."

"Yamebakiza wiki mbili kuvunwa."

"Najua."

"Hujui kitu. Mara ya mwisho umekuja kuyaona lini?"

Leona alikuwa ameukunja waya wa simu kwenye kidole mpaka kidole kimekuwa cheupe.

"Nakwenda kufungua geti," Ardith alisema, akakata.

Gordon alishuka kwenye chumba chake cha dharura, ghorofa ya chini. Leona alirudisha simu mahali pake, akasogeza kiti, akachora. Picha ya angani ya mahali pale haikusaidia kitu, miti yote imefunika. Yeye hata hakuitazama. Aliweka alama moja baada ya nyingine, kona ya ghala, mti mkubwa uliopigwa radi, daraja, mteremko wa mawe, geti. Mkono haukusita. Nilipolinganisha baadaye na vipimo vya setilaiti, mahali pa mbali zaidi alikuwa amekosea hatua nne.

"Miaka yote hii ukaiacha," nilisema. Sikutaka kulaumu, ila ilinitoka.

"Ningeichora, kila niliyempa ramani angeweza kupita pale," alijibu bila kugeuka. "Isipokuwa mimi."

Saa sita na dakika ishirini ramani ilifunguka kwetu. Rangi zote, barabara zote, njia ya nyuma ya Sawtell imekolezwa kwa buluu. Niliandika namba ya nyumba, ikajibu kabla sijainua kidole. Nilipiga kelele ya ushindi iliyomfanya mama wa ofisi ya kodi ya jirani agonge ukuta. Leona alitabasamu, akachukua simu yake, akashuka uwanja wa kuegesha magari kuvuta pumzi, ingawa pumzi yenyewe ilikuwa moshi mtupu.

Dakika tatu tu akarudi akikimbia.

"Rudy, mbona kwangu ni tupu?"

"Tupu vipi?"

"Milima naiona, mto nauona. Rangi hakuna. Njia hakuna. Kama ramani ya watalii."

Nilimwambia arudie. Akarudia, tupu. Nikamwambia ajiunge na mtandao wa ofisi. Rangi zikatokea. Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimepandisha ramani kwenye wingu, lakini tabaka la rangi za tahadhari na lile la barabara bado yalikuwa yanavutwa kutoka kwenye ile seva ya chini ya jengo, ambayo milango yake inafunguka kwa walio ndani ya ofisi tu. Sisi tulikuwa tunaona kila kitu. Kaunti nzima isingeona chochote.

"Nimechemsha," nikasema.

"Umechemsha vibaya," akasema Leona, akaketi. "Haya. Tunaanzia wapi?"

Tulianzia kwenye kunakili. Matabaka kumi na moja, kila moja kulipeleka juu, kulifungulia mlango, kisha kubadilisha kila mahali ramani ilipolitaja. Leona alisoma orodha, mimi nikaandika, yeye akajaribu kwenye simu yake ikiwa nje ya mtandao wa ofisi. "Mipaka, sawa. Barabara, sawa. Ngazi ya tatu, bado. Bado. Sawa. Utafutaji wa nyumba, bado." Ule utafutaji ulinitesa, mara mbili ulinijibu kwamba sina ruhusa, kwenye akaunti niliyoifungua mwenyewe asubuhi ile. Gordon alikuwa ameshakaa mbele ya kipaza sauti kule chini, akituma ujumbe wa neno moja kila dakika mbili: *Vipi. Vipi. Vipi.*

Saa saba kasoro dakika tatu Leona aliandika 418, Barabara ya Sawtell. Ndiyo namba ya nyumba aliyozaliwa. Simu ikajibu: *Ngazi ya tatu. Ondoka sasa hivi. Tumia njia ya nyuma.*

"Sawa," akasema. "Mwambie aseme."

Ilipofika saa saba na dakika tano watu elfu nne walikuwa kwenye ramani. Saa saba na nusu, elfu kumi na tisa. Nadhani nusu yao walikuwa ndugu walio mbali, Oregon, Idaho, wanatafuta paa moja. Seva zilianza mbili, zikawa tano, zikawa tisa, hazikuyumba. Sikuwa na la kufanya tena ila kutazama, na hiyo ndiyo saa mbaya ya kazi yetu, maana mikono inakaa bure.

Tulikuwa tumeweka kitufe: ukishaondoka, unakibonyeza, na alama ya nyumba yako inageuka kutoka kijivu kuwa kijani. Mchana ule Bonde la Sawtell liligeuka kijani kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu. Kwenye redio ya polisi tulimsikia askari akisema kuna mwanamke kwenye daraja la shamba, kofia nyekundu, anapanga magari kama yuko kiwandani, anawagombeza wanaobana kushoto. "Amemwita sajini wetu ng'ombe," askari aliongeza. Kutoka chini tulisikia chumba kizima cha dharura kikicheka. Leona hakucheka. Alikuwa amekiweka kiganja mdomoni.

Saa tisa na dakika arobaini moto ulikata mdomo wa bonde. Nusu saa baadaye mnara wa simu uliungua. Kwenye ramani yalibaki madoa machache ya kijivu, na moja lilikuwa 418. Leona alipiga simu ile ya nyumbani. Haikulia hata. Akapiga tena. Mara ya nne nilimwondolea kipokea sauti mkononi.

Saa kumi na moja na nusu askari yule yule alisema watu wote wametoka, na mwenye shamba ametoka wa mwisho kwa gari lake, nyuma ya trela ya farasi. Leona aliinuka hapo hapo. Kaunti ilikuwa imefungua uwanja wa maonyesho kuwapokea watu, na wanawake wa kanisa la Kilutheri walikuwa wameshapeleka mikate ya mdalasini na vitanda vya kukunja. Nilimpeleka mwenyewe, kwa sababu sikupenda jinsi alivyoshika funguo zake. Njiani aliniomba nisimamishe gari dukani, akanunua soksi za sufi, jozi mbili. "Miguu yake inapata baridi," alisema, mwezi wa Agosti, nje ni joto la kuyeyusha lami.

Alisimama kwenye lango la uwanja, soksi mkononi. Magari yaliingia yamejaa majivu, na kila moja alilitazama kioo cha mbele. Jua lilikuwa jekundu, linatazamika kwa macho. Kisha tukaliona gari la kijani la Ardith linakuja barabara kuu, kofia nyekundu nyuma ya usukani, mbwa pembeni yake. Leona aliinua mkono. Gari halikupunguza mwendo. Lilitupita, likashika barabara ya Yakima, aliko binti wa Ardith, na tuliliona mpaka lilipozama kwenye moshi.

Leona aliushusha mkono baada ya muda mrefu. "Angalau nimemwona," akasema. Zile soksi alimpa mzee mmoja aliyetoka nyumbani na kandambili.

Hakuna aliyekufa Sawtell. Nyumba sabini ziliungua, ile ya 418 ikiwamo, na ghala, na kila mti wa tofaa. Gordon alituletea barua ya shukrani yenye muhuri, tukaibandika juu ya mashine ya kahawa.

Alama ya 418 ilibaki kijivu. Leona angeweza kuigeuza mwenyewe; tulikuwa tumeshapata ruhusa ya kuwageuzia wale ambao polisi walithibitisha wametoka. Aligeuza zote isipokuwa hiyo. Nilipomuuliza alisema, "Hiyo si yangu kuibonyeza." Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, alifungua ramani akaitazama. Siku ya tisa tulipofika kazini ilikuwa kijani. Mfumo ulihifadhi saa tu: kumi na mbili na dakika saba, asubuhi ile ile. Leona aliisoma ile saa mara nyingi kuliko ilivyohitaji kusomwa.

Oktoba, mvua ya kwanza iliponyesha, Gordon aliagiza ramani ya moto izimwe. Leona aliniomba nisubiri mpaka amalize chai yake. Alikunywa taratibu sana. Kisha akasema, "Zima," nikazima, na zile seva zikaondoka moja moja.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo simu ya mezani ilipolia nami nikaipokea.

"Ofisi ya ramani? Mnazo picha za zamani za angani?"

Sauti niliijua. "Tunazo. Za mwaka gani, mama?"

"Zozote, kabla ya tisini. Za Sawtell, sehemu ya juu ya bonde." Kisha akaongeza, "Sina picha hata moja ya pale. Zote zilikuwa kabatini."

Nilimwambia nitampa mtu wa picha. Nilimnyooshea Leona simu na kutoka nje ya chumba, nikaenda kusimama kwenye ngazi kama mjinga.

Jumapili Leona alikwenda Yakima. Alikuwa ameipata picha ya mwaka themanini na saba, akaichapisha kubwa kama meza. Haya alinisimulia mwenyewe kesho yake. Binti wa Ardith aliwapikia supu, akachukua mbwa wakatoka. Wale wawili walibaki na picha katikati. Paa, ghala, mistari ya miti, mfereji. Ardith alivaa miwani, akainama, akaweka kidole nyuma ya nyumba, penye vidoa vyeupe sita vimepangana.

"Jumatatu," akasema.

Leona alitazama. Zilikuwa shuka kwenye kamba. Mama yao alifua Jumatatu, mvua, jua, msiba, arusi.

"Jumatatu," Leona akaitikia.

Nyumba ya wazee haikutajwa, mazishi hayakutajwa. Ardith alisema harudi bondeni. Amechoka, binti anamtaka akae. Alikikalisha kidole pale kwenye shuka mpaka supu ikapoa. Jioni alimsindikiza Leona mpaka mlangoni, na Leona akasimama kidogo kwenye kizingiti, anasubiri.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akasema niendeshe taratibu pale mlimani, kuna barafu."

"Basi?"

"Basi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sawa."

Aliwasha kompyuta, akavaa miwani. Kulikuwa na rundo la nyumba zilizoungua za kufutiwa namba. Alifanya kazi mpaka karibu na mchana, ndipo akauliza, bila kugeuka, kama ningeweza kukaa peke yangu ofisini Ijumaa, yeye aende tena Yakima.

Nikamwambia naweza.